Mke Mwenza wa Dirishani

Omana alikuwa na pini mdomoni na kiuno cha mke mwenzie mkononi.

"Jinyooshe basi," alimwambia, akiongea kwa upande mmoja wa mdomo.

Mke mwenzie hakujinyoosha. Asingeweza. Alifinyangwa akiwa ameketi, mkono juu ya paja, shingo imepinda kidogo kama mtu anayesikiliza sifa zake mwenyewe. Alikuwa sanamu ya bibi harusi, plastiki tupu kuanzia kope hadi ukucha, na makao yake yalikuwa dirisha la kioo la duka la sari lililoitwa Thankamani, mjini Thrissur, juu ya kiti cha mahameli nyekundu ambacho hata mwenye duka hakuwa nacho nyumbani kwake.

Jina la mke mwenza lilitoka kwa Shailaja, aliyeuza sari za harusi pamoja na Omana. Shailaja alikuwa na ulimi ambao ungeuzwa kwa mita ungemtajirisha.

"Dada, mke mwenzio kalala vizuri?" aliuliza asubuhi hiyo, akipanga sari kwenye rafu.

"Kalala kwenye kiyoyozi. Atakosaje kulala vizuri?"

"Na wewe umelala wapi?"

"Chini ya feni inayolia kama mbuzi."

"Basi ushajua nani anapendwa."

Walicheka, lakini cheko la Omana liliishia kwenye pini.

Kabla ya sanamu, dirisha la Thankamani lilikuwa Omana mwenyewe. Alikuwa mrefu, shingo imesimama, mabega yametulia. Mama akija na binti yake anayekaribia kuolewa, binti anaona haya kujitandazia sari mbele za watu, mama anasema, "Hebu mwiteni yule mrefu." Omana anakuja, anavishwa sari juu ya sari, anageuka huku, anageuka kule, familia nzima inagombana kwenye mwili wake. Shangazi anataka kijani, bibi anataka dhahabu, binti anataka kwenda nyumbani. Mwishowe wananunua ile aliyovaa Omana, kwa kuwa juu yake kila kitu kilipendeza. Mzee Lonappan, tajiri mwenye duka, alikuwa akimnunulia kishada cha asumini kila asubuhi. "Anayevaa mali yangu lazima anukie," alikuwa akisema.

Kisha akarudi Jinto, mwanawe, kutoka Bangalore alikosomea usanifu wa maduka. Alirudi na suruali inayoishia juu ya kifundo, utadhani ametabiriwa mafuriko. Akasema duka lina nyuso nyingi mno. Mteja asione nyuso, aone kitambaa. Akaleta sanamu, kiti, na taa ya peke yake ya kummulika. Karibu na mlango wa kutokea akafunga kisanduku chenye vitufe vya nyuso tatu, moja inacheka, moja imenuna, moja haijaamua, ili mteja abonyeze alivyohudumiwa.

Na kishada cha asumini nacho kikahamia dirishani. Aliyepewa kazi ya kumvika sanamu kile kishada kila asubuhi alikuwa ni Omana.

Kiti angeweza kukisamehe, alijiambia. Lakini huo ulikuwa uongo, kwa maana katika duka lile muuzaji hakai. Hakai, haegemei, haweki mkono kaunta, tangu mlango unapofunguliwa hadi taa zinapozimwa. Na hii ilikuwa wiki ya Onam, sikukuu ambayo Kerala nzima hununua nguo mpya, wiki ambayo jioni vifundo vya miguu huvimba mpaka ndala zinavuliwa kwa kubembelezwa.

Jinto alikuja akinukia sabuni ya ghali. Alisimama mbele ya kaunta akapiga makofi mara moja.

"Dada zangu, baada ya sikukuu tunapunguza watu hapa. Mko watatu. Mmoja atashuka chini kuuza taulo. Nitaamua leo jioni ni nani."

Shailaja alitazama kulia, akatazama kushoto. "Bosi mdogo, tuko wawili."

"Na huyu." Jinto alionyesha dirishani kwa kidevu.

"Kumbe na yeye anaweza kushushwa?"

"Huyu anauza," alisema Jinto, "na hajawahi kuniomba ruhusa ya kwenda chooni."

Jinto akaondoka. Chini kwenye taulo hapakuwa na kamisheni, na binti wa Omana alikuwa anasomea uuguzi kwa kamisheni hiyohiyo. Mumewe Shailaja alikuwa hana kazi tangu kiwanda cha vigae kifungwe. Kila mmoja alijua ya mwenzake, na kwa mara ya kwanza kila mmoja alitamani asingejua.

Kabla ya saa sita alifika afisa wa kazi wa serikali. Habari ilikuwa imemtangulia, na mlinzi alikwisha kimbilia stoo, akatoka na stuli mbili za plastiki ambazo bado zilikuwa kwenye nailoni. Sheria ilisema muuzaji apewe pa kukaa, na kwa muda huo wauzaji wa Thankamani walipewa. Stuli zikawekwa nyuma ya kaunta, nailoni ikachanwa.

Afisa alikuwa mtu mnene aliyepanda ngazi juani. Aliivuta stuli moja, akaikalia. Akaletewa chai.

"Mnakaa?" aliwauliza, akipuliza kikombe.

Nyuma yake Jinto alikuwa akitabasamu kwa meno yote.

"Tunakaa, bwana," alijibu Omana, amesimama.

"Safi." Akaandika. Akajitikisa kidogo, stuli haikulalamika. "Imara hizi," alisifu. Akamaliza chai, akaenda zake, na stuli zikarudi stoo. Hivyo mtu pekee aliyewahi kukalia stuli za wafanyakazi wa Thankamani alikuwa ni yule aliyekuja kuhakikisha kwamba wafanyakazi wanakaa.

Omana aligeuka dirishani. Mke mwenzie alikuwa palepale, ameketi, kiyoyozi kinampepea, asumini imemning'inia kisogoni. Kitu kikamchoma Omana chini ya mbavu. Alimsogelea kana kwamba anamrekebisha marinda, akachomoa kishada, akakichomeka kwenye nywele zake mwenyewe. Harufu ilimjia mara moja. Alirudi kwenye kaunta akitembea kama mtu aliyeiba kuku na kuku amenyamaza.

"Dada," Shailaja alinong'ona, "umemnyoa mwenzio."

"Hana pua. Maua ya nini?"

Haikupita muda, nje ya kioo ikasimama familia. Mbele yao alikuwepo Bi Madhavi, mwanamke wa umri, miwani kwenye ncha ya pua, anayetembea kama mtu ambaye hajawahi kununua kitu bila kukikataa kwanza. Nyuma yake binti yake Nimisha, bibi harusi wa mwezi ujao, na shangazi wawili wa kuunga mkono. Bi Madhavi aliitazama sari ya dirishani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatazama juu zaidi. Akaingia dukani kwa kasi.

"Nani kamvika huyu?"

Jinto alimkimbilia. "Karibu, mama. Una tatizo gani?"

"Bibi harusi kichwa kitupu! Hana hata ua moja, kama mjane. Mimi naja kununua sari ya harusi, mnanionyesha msiba?"

Shangazi wa kwanza akashika kifua. Shangazi wa pili, asipitwe, akashika cha kwake.

Jinto alitazama kisogo cha sanamu. Kisha, polepole, akatazama kisogo cha Omana. Uso wake ulichagua kitufe.

"Omana, rudisha."

"Arudishe nini?" alidakia Bi Madhavi. "Maua yaliyokwisha kuvaliwa na mtu? Huko Bangalore ulikosoma hukufundishwa hata hilo? Na sari hiyo ya kwenye nuksi siitaki. Lete nyingine ya aina ileile, mvike huyu mwenye maua."

Jinto akasema sari zinaonyeshwa kwenye sanamu siku hizi, ndio mtindo. Bi Madhavi akamtazama juu ya miwani mpaka mtindo ukaisha.

Omana akavishwa. Vidole vyake vilikumbuka kazi: rinda juu ya rinda, ncha begani, pini moja tu. Nimisha, ambaye hajasema neno tangu aingie, alitabasamu. Omana alisimama mrefu kuliko alivyosimama kwa miezi, na alihakikisha mke mwenzie yuko mahali pa kuona.

"Sasa akae," alisema Bi Madhavi.

"Mama?" Jinto alidhani hakusikia.

"Mwanangu siku hiyo atakaa jukwaani mchana kutwa anapigwa picha. Ya kusimama nimeona. Nataka kuona marinda yakikaa. Akae pale, kwenye kile kiti chekundu."

Mteja hakosei. Jinto mwenyewe alikuwa ameyaandika maneno hayo ukutani, kwa herufi kubwa. Alimwashiria mlinzi, na mlinzi akamnyanyua sanamu kama bibi harusi aliyezimia. Alijaribu kumsimamisha nyuma ya kaunta, lakini magoti yalikuwa yamekunjwa, akapinduka. Akajaribu tena, akapinduka tena. Basi ikabidi stuli itolewe stoo.

"Dada," alisema Shailaja kwa sauti ya chini, "mke mwenzio kapewa kiti cha sheria."

Omana hakusikia. Alikuwa ameketi. Mahameli ilimpokea, na damu iliyolala vifundoni iliamka ikaanza kurudi nyumbani. Bi Madhavi alimzunguka, akainama, akasifu. Sari ya aina hiyo ilinunuliwa kutoka rafuni, na ya shangazi wa kwanza, na ya wa pili asipitwe. Wakitoka, Bi Madhavi alibonyeza uso unaocheka kwa kidole gumba kama anayeua mbu.

Omana alianza kuinuka. Jinto aliwahi.

"Kaa! Tazama nje." Nje ya kioo watu walikuwa wamesongamana, wengine wameanza kuingia. Macho ya Jinto yalikuwa yanapiga hesabu. "Usiinuke. Usiseme. Ukiweza, usipepese macho."

Saa ya kwanza ilikuwa tamu kama payasamu, uji wa maziwa na sukari wa sikukuu. Ya pili pua ilianza kumuwasha. Mtoto mmoja alibandika ulimi kwenye kioo mbele yake, na hakuweza kumtolea wa kwake. Mgongo ukawa ubao. Kwa pembe ya jicho aliliona duka kwenye kioo: Shailaja peke yake kaunta nzima, anafunua, anakunja, anafunua. Ulimi wake ulikuwa umekwisha. Alihamia mguu huu, akahamia ule. Kisha, wateja walipopungua kidogo, akaweka mkono mmoja kwenye kaunta.

Jinto alidatisha vidole kutoka upande wa pili. "Mkono!"

Shailaja akautoa. Kando yake, kwenye stuli ya plastiki, sanamu alikuwa ameketi, shingo imepinda, anasikiliza sifa zake.

Omana aliinuka.

Alitembea na sari ya harusi hadi nyuma ya kaunta, akamkamata mke mwenzie kiunoni, akamlaza sakafuni chali, magoti hewani. Akaisogeza stuli.

"Kaa."

"Dada, una wazimu," alisema Shailaja.

"Kaa. Afisa keshasema ni imara."

Shailaja alimtazama, akaitazama stuli, akakaa. Mbingu haikuanguka. Wateja waliendelea kubishana kama kitambaa ni chekundu au damu ya mzee. Jinto alikuja tabasamu limemganda usoni, maana mteja asione nyuso. Alimsubiri wa mwisho atoke ndipo akamtazama Omana, aliyekuwa anachomoa pini begani.

"Taulo," Jinto alisema.

Jinto hakungoja sikukuu ipite, na usanifu wake ulikuwa haujafika huko chini. Hapakuwa na kioo wala taa ya kumulika mtu. Palikuwa na balbu moja, harufu ya pamba mpya, na marobota ya taulo yaliyopangwa mpaka darini. Asubuhi iliyofuata Omana alisimama katikati yao kwa muda, kwa mazoea, mikono pembeni. Akasikiliza. Juu ya kichwa chake nyayo zilikuwa zinakwenda na kurudi. Akalisukuma robota moja ukutani, akalikalia, na kuinua miguu juu ya jingine. Alifikiria ujumbe atakaomtumia binti yake kuhusu ada, na maneno ya kuanzia hayakuja.

Wakati wa chai Shailaja alishuka mbio, amebeba kikombe na umbea.

"Dada, mke mwenzio karudi kwenye mahameli."

"Na akae," alisema Omana. Kisha, kabla hajajizuia: "Kavikwa maua?"

"Mapya. Marefu!"

Vidole vya Omana vilikwenda kisogoni, kwenye kishada cha jana kilichokwisha geuka rangi ya chai. "Asumini?"

"Ya plastiki. Bosi mdogo anasema hayanyauki na hayaibwi."

Omana akajisogeza kwenye robota, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa."

"Nimeambiwa nirudi upesi."

"Kaa."

Shailaja akakaa. Robota likabonyea chini yao. Juu, sauti ya Jinto ilimwita Shailaja, kisha ikamwita tena, kali zaidi. Omana alimshika mkono asiinuke.

"Ulisema marefu," akamwambia. "Marefu mpaka wapi?"