Macho ya Pembe Nne

Kila Jumamosi mchana Amisi, fundi wa redio, alifunga kibanda chake sokoni Rumonge mapema kuliko wenzake akaenda kusoma Kijerumani. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda Ujerumani kujifunza kutengeneza televisheni, kitu ambacho mjini hakuna aliyekuwa nacho. Aliyemfundisha ni Dieter, mzungu mtaalamu wa samaki. Rafiki yake Sylvestre, mwalimu wa shule ya msingi, alisoma naye kwa kupenda tu, na ndiye aliyeandika maneno daftarini.

"Kitabuni ni Fernseher," Dieter aliwaambia, "lakini nyumbani tunasema Glotze, kitu cha kukodolea macho. Kuitazama ni in die Röhre gucken, kuchungulia bombani. Pia maana yake ni kukosa kile wenzako walichopata."

Sylvestre aliandika. "Na mtoto asiyebanduka hapo?"

"Anaambiwa atapata viereckige Augen. Macho ya pembe nne."

Amisi aliyarudia maneno hayo njia nzima mpaka ulimi ukayazoea. Asubuhi yake macho yake yalikuwa ya pembe nne. Mke wake, Esha, aliyaona alipompa chai, akauliza kama yanauma. Hayakuuma. Amisi akaenda kazini.

Huo ulikuwa mwezi wa Aprili 1972. Mwisho wa mwezi mapigano yalizuka kando ya ziwa, watu wakauawa, kisha askari wakaja na malori na orodha ya majina. Dieter alirudishwa kwao. Sylvestre aliitwa kwenye ofisi ya komini kwa dakika tano, chaki ikiwa bado mfukoni. Hakurudi.

Siku ya tatu mke wake, Kabibi, alifika kibandani kuuliza habari. Alimtazama Amisi usoni, akavuta kigoda.

"Shemeji, usipepese. Namuona mwalimu."

"Iko wapi?"

"Juu ya kamio ya askari. Hana viatu."

Amisi mwenyewe hakuona kitu ila uso wa Kabibi. Kesho yake Kabibi alisema mumewe anachimba. Alasiri alisema wamemwambia aweke koleo chini. Kisha akainuka, akakirudisha kigoda mahali pake.

Wanawake wengine walikuja, wakakaa kwa zamu, kila mmoja akimuona wa kwake. Hata Léonard, karani wa komini aliyeyasoma majina, alikuja, akatazama kwa muda mrefu.

"Inatoa sauti?"

"Hapana."

"Basi haina neno."

Akamrudishia Amisi karatasi zake za safari. Picha ya pasi haikufaa, alisema, kwa sababu ya macho.

Septemba komini iliandika kwamba mwalimu Sylvestre ameacha kazi bila ruhusa. Nyumba ya shule akapewa mwalimu mwingine. Kabibi alihamia kwa dada yake kijijini Kizuka, na siku za soko alikuja na ndoo ya mawese, akaketi mbele ya Amisi kabla ya kuuza chochote. Miezi yote hiyo aliona udongo tu.

"Wamepanda muhogo," alisema siku moja ya Disemba.

"Umeota?"

"Umeota vizuri. Iko mama mmoja anapalilia. Hajui."

Amisi alishika ukingo wa meza, akayaacha macho wazi. Kabibi alitazama mpaka yule mama akamaliza mstari wake, akaweka jembe begani, akaenda zake.