Siku Themanini za Binti

Mgeni aliingia kanisani saa nne kasorobo asubuhi, theluji ikiwa bado mabegani, mtoto amefungwa kifuani ndani ya koti kubwa la kiume. Makena, aliyekuwa mhudumu wa mlango siku hiyo, hakumjua. Wakenya wa Champlin, mji mdogo wa Marekani, wanajuana mpaka kwa magari yao, na huyu hakuwa wa kwao.

"Naitwa Velma," mgeni alisema. "Nimeshuka kwenye ndege sasa hivi. Mwalimu Dinah ni mama yangu."

Makena alimtazama vizuri. Paji la uso lilikuwa lile lile la marehemu, aliyelala kule mbele katika jeneza lililo wazi. Lingefungwa saa nne kamili, na baada ya hapo asingeonekana tena.

"Pole sana, dada. Ingia, ingia."

"Subiri!" Mzee Jotham alikuwa ameshafika. Alikuwa mzee wa kanisa, tena baba mdogo wa Makena, na Makena alikaa nyumbani kwake tangu aanze masomo ya uuguzi. Alikuwa akitabasamu. "Mtoto ana siku ngapi?"

"Hamsini na moja."

Mzee akahesabu kimoyomoyo. Katika kanisa lile kitabu cha Walawi hakikuwa habari za kale. Aliyejifungua mvulana alikaa nje siku arobaini. Aliyejifungua msichana, themanini. Kofia ya mtoto ilikuwa ya samawati. Mzee akaridhika kwamba ni mvulana.

"Basi siku zako umemaliza. Anaitwa nani?"

Mpaka hapo Kiswahili kilikuwa kimeificha jinsia ya mtoto. Makena aliona jambo linakoelekea, akamtikisia mgeni kichwa. Jina lolote lingefaa. Yakobo. Petro, hata.

"Dinah," Velma alijibu. "Nimempa jina la mama."

Tabasamu likazima.

"Kumbe msichana. Bado siku ishirini na tisa. Rudi kwenye gari. Ibada tunairusha mubashara, utaitazama kwenye simu."

"Nimekuja na teksi, mzee. Imeshaondoka."

"Basi simama hapo kati ya milango miwili."

"Si angesema tu ni mvulana?" mama mmoja wa safu ya nyuma alinong'ona, kwa sauti ya kusikika.

Velma alimgeukia. "Nimkane binti yangu ndipo nimuage mama yangu?"

"Usinipandishie sauti mlangoni mwa Bwana," Mzee Jotham alisema. "Na uchafu wako huo."

Akamsukumia mlango wa kioo usoni. Makena aliuzuia kwa mguu, akapenyeza kichwa.

"Nitakuja kukuchukua kabla hawajafunga," alisema haraka. "Nakuahidi."

Kisha akamfuata baba yake mdogo, aliyekuwa akirudi mbele kwa hatua ndefu. Akamfikia karibu na jeneza.

"Baba mdogo, Hesabu sura ya kumi na tisa inasemaje?"

"Si wakati wake, Makena."

"Inasema maiti akiwa hemani, kila aliyemo ni najisi siku saba, na kila anayeingia. Wewe umesimama hatua mbili kutoka kwake. Humu ndani nani msafi?"

"Hiyo ilikuwa ya jangwani!"

"Na hii ya Velma ilikuwa ya Champlin?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee Jotham aliinama mpaka pumzi yake ikamgusa Makena sikioni.

"Nilikufundisha kusoma Biblia ili uje unitukane nayo mbele za watu? Sikiliza. Yule mwanamke akivuka kizingiti cha kanisa hili, wewe usivuke cha nyumba yangu. Kuanzia leo. Baridi ya huko nje unaijua."

Makena aliijua. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa wiki mbili mbele, na katika mji huu wote hakuwa na kitanda kingine. Aliwatazama watu wa kampuni ya mazishi wakivaa glavu nyeupe, tayari kufunga jeneza. Akatoa fungu la funguo mfukoni, akaanza kuuchomoa ule wa nyumba. Ulikuwa umebana mpaka ukucha ukamvunjika. Akauweka ufunguo kiganjani mwa mzee.

"Vitabu vyangu nitavifuata nikipata pa kuviweka."

Velma alikuwa ameupa mlango wa nje mgongo ili upepo usimpate mtoto.

"Twende," Makena alisema, akamshika mkono.

Walipopita, akina mama walikusanya sketi zao wasiguswe. "Aibu!" mtu alitamka. Mzee Jotham alimwashiria pasta aanze wimbo, na wimbo ukaanza, wa juu kuliko kawaida. Mtu wa mazishi alikuwa ameshaushika mfuniko.

"Dakika moja tu, tafadhali," Makena alimwambia.

Yule mtu akamtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa kukataa. Makena akasimama kati ya mfuniko na jeneza, akabaki hapo hapo, hadi Velma, aliyekuwa ameinama juu ya mama yake, alipoinuka mwenyewe.