Mabaharia wa Ousséni

Ousséni aliposikia kwamba Fazul amenunua skuna, alitema mate pembeni akauliza, "Ya kuanikia vitambaa?" Maana Fazul alikuwa muuza vitambaa pale kisiwani Nosy Be, mtu wa miwani na mikono laini, na safari yake ndefu baharini ilikuwa ya kwenda Antsahampano, hapo ng'ambo tu, ambako hata kuku huvushwa wasiugue. Uhuru ulikuwa umetimiza mwaka, Mzungu mmoja wa mashamba ya maua akafunga virago, akaiuza skuna yake ya milingoti miwili kwa bei ya kutupa. Fazul akaidaka. Hilo si neno, mwenye mali ana haki na mali yake. Kilichomchoma Ousséni ni tangazo lililofuata, kwamba chombo kitapeleka mchele Mombasa, na nahodha atakuwa Fazul mwenyewe. Fazul! Loo!

Ousséni alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia, na amefanya kazi chini ya manahodha wanne, wote akiwaona wajinga. Unahodha aliutamani kuliko kitu chochote duniani. Hakuwahi kupewa kwa sababu ya ulimi wake, lakini hilo kamwambie wewe, mimi simo.

Skuna ikavutwa ufukweni, ikaegemezwa magogo. Ousséni akaisimamia, na kazi, haki ya Mungu, aliijua. Alikalafati maungio yote kwa pamba na mafuta, akapaka chini shahamu na chokaa, akazitupa kamba za zamani, akayaweka matanga juani ayakague kipande kwa kipande. Fazul naye alikuja kila asubuhi na kofia ya unahodha, akapanda juu ya chombo kisichokwenda popote, akajizoeza kuamrisha. Maneno ya bahari aliyakariri kama mtoto wa chuoni. Akipaza sauti "Joshi!" mkono wake ulielekea demani, upepo unakokwenda badala ya unakotoka.

"Naam, nahodha," alijibu Ousséni, kisha akageuka na kubinua midomo.

Siku moja Fazul akamwambia, "Fundi Ousséni, nitafutie mabaharia. Mimi siwajui watu wa kazi hii. Utakaowaleta wewe, ndio hao."

Hapo shetani akapata pa kukaa. Skuna ilikuwa ishuke kwanza Mahajanga, pwani kwa pwani, ikapakie mchele, ndipo iingie bahari kuu. Ousséni akajiwazia: nikimpa huyu mabaharia wa hovyo, atakiona cha mtema kuni kabla ya kufika Mahajanga. Atavua kofia mwenyewe. Na unahodha utamwangukia nani kama si mimi? Nikishaupata nawafukuza wale, nachukua wanaume wa kweli bandarini.

Akachagua kwa makini, kama mtu anayechagua mchicha uliooza. Akamchukua Ibouroi, fundi cherehani, tumbo mbele, aliyetaka tu kupunga upepo. Akamchukua Soulé, ambaye ukimwambia vuta, lazima kwanza akuulize kwa nini. Akamchukua na Msa, kijana wa Mahajanga aliyekuwa kibarua wa kuchuma maua mashambani, ambaye maji yakimfika magotini hufumba macho.

Echata, mkewe, akashika kiuno. "Ousséni, hao ni watu, si kokoto."

"Wataishia Mahajanga. Nani mwenye akili atawapeleka Mombasa wale?"

Safari ikawa kama alivyoipika. Msa alitapika tangu kisiwa hakijapotea machoni. Soulé alibishana hadi tanga la mbele likapasuka. Ibouroi, ashakum si matusi, alifulia nguo zake za ndani kwa maji ya pipa la kunywa, alipoulizwa akasema maji si yapo mengi. Ousséni akaziba mdomo kwa kiganja asicheke kwa sauti. Fazul alikaa chini ya mlingoti, uso umemparama, kofia haijulikani ilikoangukia. Hakuamrisha joshi wala demani. Alimtazama Ousséni akiwakemea, akifunga, akifungua, akishika usukani peke yake mpaka bandarini. Ousséni aliliona lile jicho akalifurahia. Mwacheni aone, mjinga yule!

Mahajanga, Fazul akafanya dua ya safari nyumbani kwa dada yake, mtaa wa Tsaramandroso. Jamaa za mabaharia wakajaa barazani. Dua ilipokwisha, Fazul akasimama.

"Nimejaribu, nimeshindwa," alisema, wala hakuona haya. "Bahari si dukani kwangu. Nahodha ni Ousséni, na mimi narudi kwenye vitambaa vyangu."

Moyo wa Ousséni uliruka. Miaka yote ile! Akainamisha kichwa kwa adabu, akijikaza asitabasamu.

"Na mabaharia ni hawa hawa," Fazul akaendelea. "Ninyi wenye watoto msiwe na wasiwasi, kila mmoja amechaguliwa na nahodha mwenyewe. Au vipi, nahodha? Wana kasoro?"

Baraza lote likamgeukia. Ousséni akafungua mdomo. Akisema wanayo, ataulizwa aliwachagulia nini, na mbele ya watu wote hawa jibu ni moja tu, na nahodha wa kulitamka jibu hilo hajazaliwa. Akamtazama Fazul usoni atafute kejeli. Haikuwamo. Yule mtu alimwamini kabisa, na hilo lilimuudhi kuliko tusi.

"Hawana," alisema.

Mama mmoja akajipenyeza mpaka mbele, Halimati wa Antanimasaja, mamake Msa. Aliushika mkono wa Ousséni, akauweka juu ya mkono wa mwanawe, ambao ulikuwa wa baridi na umelowa jasho.

"Nahodha, nakukabidhi huyu. Sina mwingine. Wanasema anaogopa maji, nami nikawaambia, mtu kama Ousséni asingemchukua kama hakuona kitu ndani yake." Akainua macho. "Uliona nini, baba? Niambie, nilale nacho."

Msa naye akamtazama, akingoja kusikia.

Ousséni, yeye ambaye ulimi wake haukuwahi kumpungukia, akampigapiga Msa begani.

"Kijana mzuri," akasema.

"Amin!" baraza likaitikia.