Kadi Ishirini na Moja

Saa tatu na dakika nane asubuhi, mpimaji aliweka kadi ya kwanza mezani. Ilikuwa na picha ya sufuria.

"Sufuria," alisema mtoto.

Mpimaji alitia alama kwenye fomu. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye saa mbili, moja mkononi na moja mezani ya kuhesabu sekunde. Kadi zilikuwa hamsini, kila moja na sekunde zake kumi na tano. Mtoto aliyetaja picha thelathini na tano alibaki katika mkondo wa lugha mbili, ambako nusu ya masomo yalifundishwa kwa Kiswahili na nusu kwa Kijerumani. Aliyepungukiwa alihamishiwa mkondo wa lugha moja.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vitabu, ghorofa ya juu ya shule. Viti vitatu viliegemezwa ukutani. Karibu na mlango alikaa mama wa mtoto, mpima damu wa maabara, aliyeomba ruhusa ya saa mbili kazini. Katikati alikaa baba, fundi wa vioo, mwenye plasta kwenye vidole viwili. Ndani ya mfuko wa shati lake kulikuwa na barua ya uhamisho. Yeye alikwisha kuitia sahihi. Pengo lililobaki lilikuwa la mama. Jana yake walikubaliana kwamba mtoto akipata chini ya thelathini na tano, mama atatia sahihi bila mabishano. Kiti cha tatu, chini ya dirisha, kilikuwa cha shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeshinda na mtoto kila mchana mpaka wazazi warudi.

Mtoto alikuwa na miaka sita na nusu. Nyumbani aliitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo.

Alitaja ufagio, kufuli, pasi na ngazi. Alitaja patasi kabla kadi haijatulia mezani, na baba akakohoa kwa furaha. Kadi ya kumi na mbili ilikuwa na picha ya sumaku. Kidoti aliitazama, akafungua mdomo, akageukia dirishani, akaufunga. Sekunde kumi na tano zikaisha. Mpimaji akachora mstari mfupi.

Kikombe alikitaja. Kitana alikitaja. Mizani, kimya. Kipimajoto, kimya.

"Mshika mbili moja humponyoka," shangazi alinong'ona. "Nilisema mimi."

"Mikono anayo miwili, wifi," mama alijibu bila kugeuka.

"Na mdomo?"

"Jamani," baba alisema.

"Neno jingine na mtasubiri nje," alisema mpimaji.

Mama alitoa kalamu. Nyuma ya karatasi yake ya ruhusa aliandika namba na jina la picha ya kila kadi iliyokosa jibu, kama alivyozoea kuandika namba za chupa za damu. Kufikia kadi ya thelathini alikuwa na namba kumi na mbili, na kando ya kila namba aliandika herufi D. Ilimaanisha dirisha. Kila mara kabla ya kunyamaza, mtoto alitazama dirishani.

Saa tatu na dakika thelathini na tatu kadi ziliisha. Mpimaji alihesabu alama mara mbili.

"Ishirini na tisa."

Fomu ilikuwa na safu mbili. Juu ya safu ya kwanza paliandikwa *lugha ya nyumbani*, juu ya nyingine *lugha nyingine*. Safu ya pili ilikuwa imekatwa kwa mstari wa rula kutoka juu mpaka chini.

Baba aliitoa barua, akaikunjua juu ya goti na kuilainisha kwa kiganja. "Tulikubaliana, mama Kidoti."

"Tulikubaliana." Mama alishika kalamu. Hakuandika. "Swali moja kwanza. Mstari huu kwenye safu ya pili umeuchora saa ngapi?"

Mpimaji alimtazama. "Jana jioni. Nazikata zote pamoja. Watoto ninaowapima karibu wote wana lugha moja."

"Huyu ana mbili."

"Nilimwambia mwanzoni ajibu kwa lugha yoyote. Ulisikia."

"Nilisikia. Sasa sikiliza na wewe." Mama alisoma karatasi yake. "Sumaku, mizani, kipimajoto, mzizi, kiwavi, pembetatu. Amekosa kadi ishirini na moja, na zote ni za somo la hesabu au la sayansi. Masomo hayo anasoma kwa Kijerumani. Vya jikoni na vya karakana ya baba yake hajakosa hata kimoja."

"Inawezekana," alisema mpimaji. "Lakini mimi Kijerumani sikijui. Angejibu, ningemtia alama kwa kubahatisha?"

"Mwalimu wake yuko chini."

"Saa nne nina shule nyingine. Sasa ni tatu na thelathini na sita. Halafu huyo mwalimu akija, kimya kitabaki kile kile."

"Mwache mwenzio na kazi yake," shangazi alisema. "Kushindwa nako ni jibu."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni.

Mwalimu wa Kijerumani aliingia saa tatu na dakika arobaini na tatu, mwanamke mpana mwenye aproni ya kijani iliyopakaa chaki. Darasa alimwachia mwenzake. Mpimaji alimweleza masharti kwa sentensi tatu: aulize kilichopo kwenye picha, asiongeze neno, asiashirie. Kisha akaweka kadi ya sumaku.

Mwalimu aliuliza kwa Kijerumani.

Kidoti alitazama kadi. Alitazama dirishani. Sekunde ya tano. Sekunde ya tisa. Baba aliacha kulainisha barua. Sekunde ya kumi na mbili mtoto alimwinamia mwalimu na kunong'ona maneno kadhaa.

Mwalimu alimtazama shangazi, chini ya dirisha.

"Amejibu?" aliuliza mpimaji.

"Hapana. Ameuliza."

"Nini?"

"Ameuliza kama anaruhusiwa, maana shangazi yake yupo. Anasema shangazi amemkataza Kijerumani mbele yake."

Mpimaji alisimamisha saa.

"Sikumkataza hivyo!" shangazi alisema. "Nilimfunza adabu. Anakaa na mwanasesere wake, wanaongea hicho Kijerumani, ananitazama, anacheka. Nikamwambia, mnanisengenya? Lugha ya watu wawili haisemwi mbele ya mtu wa tatu. Kuna kosa?"

"Lini hiyo?" mama aliuliza.

"Tangu likizo."

"Miezi mitatu." Mama aliandika hata hilo.

"Ungeniuliza ningekwambia. Wewe huulizi, wewe unaandika."

Mpimaji aliiweka kalamu chini. "Tulidhani lugha zimemchanganya," alisema. "Mtoto aliyechanganyikiwa hajui nani anaelewa nini. Huyu amepanga kila mtu na lugha yake, na amejizuia mara ishirini na moja. Lakini hilo halina nafasi kwenye fomu. Fomu inataka majibu." Alitazama saa ya mkononi. "Zimebaki dakika kumi na tatu. Shangazi anaweza kusubiri nje."

"Nikitoka ataona nimefukuzwa kwa ajili yake," alisema shangazi. "Kesho hatafungua mdomo kabisa. Mimi ndiye ninayemjua."

Ilikuwa kweli.

"Basi iko mikononi mwako, dada," baba alisema.

Shangazi alitazama barua kwenye goti la ndugu yake. Ilikuwa ni yeye aliyeifuata ofisini, wiki iliyopita.

"Wote mnatoka asubuhi," alisema. "Mimi ndiye nabaki naye mchana. Akishaijaza nyumba kwa lugha nisiyoijua, mimi nitaongea na nani?"

"Sijui, wifi," mama alisema. "Sitakudanganya."

Shangazi alimgeukia mtoto.

"Kidoti," shangazi alisema. "Sema."

"Kijerumani?"

"Hicho hicho. Ila leo mchana unaniambia kila kimoja kinaitwaje. Sitaki siri."

"Vyote?"

"Vyote. Unaniona gogo?"

Mpimaji aliwasha saa. Ilikuwa tatu na dakika arobaini na tisa. Mtoto alihitaji majibu sita.

"Magnet," alisema Kidoti.

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Mizani: "Waage." Kipimajoto akakitaja haraka mno, mpimaji akamwomba arudie. Kadi ya mzizi alikosea, akataja shina. Mwalimu alisema wazi kwamba si sahihi. Baba aliguna kama mtu aliyekatwa na kioo. Kadi iliyofuata mtoto alinyamaza, na safari hii hakutazama dirishani. Hakuijua tu. Zikafuata pembetatu na kiwavi, sahihi zote. Kadi ya nane ilikuwa ya bikari. Mtoto alichora duara hewani kwa kidole, akatafuta neno mpaka sekunde ya kumi na moja.

"Zirkel."

"Sahihi," alisema mwalimu.

"Thelathini na tano," alisema mama.

Mpimaji hakusimama hapo. Alimaliza kadi zote ishirini na moja. Kumi na saba zilikuwa sahihi. Kando ya safu iliyokatwa aliandika upya namba za kadi, akamtaka mwalimu atie sahihi mbele ya kila jibu, kisha akaandika jumla: arobaini na sita kati ya hamsini. Chini akaongeza mstari mmoja: *abaki*.

Saa tatu na dakika hamsini na nane alifunga mkoba na kuondoka. Baba alikunja barua mara nne na kuirudisha mfukoni. Hakuichana. Mama hakumwomba aichane.

Kwenye ngazi shangazi alimshika mtoto mkono.

"Ile ya kwanza, ile ya kuvuta misumari. Wanaiitaje?"

"Magnet."

"Mageneti."

"Magnet, shangazi."

"Hilo si neno, hiyo ni sumaku yetu imevaa suti. Haya, tena."

Walirudia mara tatu kabla ya kufika chini. Saa nne na dakika mbili mlango wa darasa la kwanza ulifungwa, Kidoti akiwa ndani.