Redio Namba Saba

Redio za upepo, zile za kuongelea bila mtandao wa simu, zilipoletwa kwa wafuga nyuki wa Itigi, moja kuu na ndogo saba, mzee Zefania ndiye aliyesimama kikaoni. "Redio kuu ikae na mwanangu Dorkas. Nyie mtaivunja kabla ya Jumapili." Dorkas, mke wa mtoto wake Andrea, aliinamisha uso kwa furaha. Mzee huyo hakuwahi kumwita mkwe hata siku moja.

Fundi aliyezileta akamwelekeza. Kila redio ina namba yake. Ukiandika jina mbele ya namba, wote wataliona mwenye redio hiyo akiita. Aliye taabuni huko porini, ambako simu hazishiki, akibana kitufe chekundu, redio zote zitalia na kuonyesha ni nani.

Dorkas akaandika: Melkizedeki, Alute, Fredrick, mpaka wakatimia sita. Kwenye ya saba akakwama. Ya saba ni ya baba mkwe, na alikolelewa yeye, mke hataji jina la baba mkwe. Hata kanisani, kikisomwa kitabu cha nabii Zefania, Dorkas husema "kile kitabu cha baba," na wenzake huangua kicheko.

"Na hii?" fundi akauliza.

"Iache na namba yake. Anayepokea ni mimi, na mimi namjua."

Haya, mtamlaumu? Heshima ndiyo iliyomponza, masikini.

Alhamisi moja bomba lilitoa maji baada ya siku nne. Nani angebaki ndani? Dorkas akabeba ndoo, akapanga foleni. Aliporudi, mlangoni tu akasikia redio inalia bila kukoma, na sauti ya Melkizedeki imekauka:

"Dorkas! Uko wapi jamani? Saba ni nani? Inaonyesha namba tu, na wengine hawajibu huku! Tumekimbilia kwa Alute bure, tumemkuta mzima, kalala zake! Saba ni nani?"

Ndoo ikamponyoka. Angeweza kusema baba mkwe. Angeweza kusema baba Andrea, na wangeelewa vizuri tu. Lakini hofu haina adabu.

"Zefania! Ni Zefania! Mizinga yake iko upande wa reli, kimbieni! Zefania!"

Walimkuta chini ya mti aliokuwa ameupanda, kadondoka, mguu umevunjika, nyuki wamemuuma uso mzima. Lakini alikuwa anapumua.

Kesho yake Dorkas alipiga magoti kando ya kitanda cha zahanati. "Shikamoo baba. Nisamehe. Sikukuandika, ukakawia kupatikana. Kisha nikakutaja mbele ya watu."

"Marahaba mwanangu." Macho ya mzee yalikuwa yamefumbwa na uvimbe. "Redio ilikuwa kifuani kwangu, ila mdomo umevimba, siwezi kujibu. Nikamsikia Melkizedeki, saba, saba. Nikasema basi, nakufa bila hata jina. Halafu nikakusikia wewe. Tangu mama yangu afariki, hakuna mwanamke aliyeniita hivyo. Nikajua natafutwa mimi."

Dorkas akalia, wala hakujificha.

Mzee akapapasa shukani, akaisukuma redio yake kwa Dorkas. "Andika."

Dorkas akaishika kwa mikono miwili. Alibonyeza mara moja, kidole kikaganda.

"Umefika wapi?" mzee akauliza.

"Kwenye Z, baba."

"Endelea. Nakusubiri."