Nyimbo Kumi na Mbili za Maige Ndalahwa

Orodha ilikuwa imepigwa taipu kwenye karatasi moja, na wimbo uliomsumbua Maige Ndalahwa ulikuwa wa kwanza. Nyingine kumi na moja zilifuatana kwa miaka, kuanzia 1956 alipoingia bendi hadi 1977. Huu mmoja, "Njoni Barabarani", ulikuwa wa mwaka 1973. Mtu alikuwa ameung'oa mahali pake akaupandisha juu kabisa.

"Ndio wimbo uliofanya watu wakujue, Mzee," alisema Rugemalira, ofisa wa shirika la santuri aliyetoka Dar es Salaam na gari la mitambo ya kurekodi. Alikuwa Mhaya wa miaka thelathini hivi, mpole, suruali yake imenyooshwa vizuri. "Santuri kubwa ya miaka ishirini na mbili ya kazi. Hakuna mwanamuziki wa kanda hii aliyewahi kufanyiwa hivyo. Utaanzaje na wimbo wasioujua?"

"Anza na wowote. Huo uondoe."

"Orodha imekwisha pitishwa. Ni kumi na mbili au hakuna santuri."

Ilikuwa Juni 1978, Jumatatu, ndani ya ukumbi wa kiwanda cha kuchambua pamba kilichomiliki bendi ya Marobota Jazz. Kanda za asili za nyimbo hizo zilikuwa Nairobi, na mpaka ulikuwa umefungwa tangu mwaka uliotangulia. Kwa hiyo Maige, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, alitakiwa kuziimba upya zote, sauti ya leo ikijaribu kufuata nyayo za sauti ya jana. Gari lingeondoka Jumamosi.

Alikwenda kwa meneja. Meneja hakupandisha sauti. Alimkumbusha mambo mawili tu: kwamba mwanamuziki wa bendi ni mfanyakazi wa kiwanda kama mpakia marobota, na kwamba nyumba anayokaa Pasiansi ni ya kiwanda. Mfanyakazi anayekataa kazi aliyopangiwa amejiachisha mwenyewe.

"Ni wimbo wako, Ndugu Maige," alimaliza. "Umekukosea nini?"

Jibu la Maige lisingeingia kwenye faili.

Wimbo ule aliutunga kwa wiki moja, kwa kuagizwa, lakini hakuutunga kivivu. Aliuwekea mdundo wa ngoma za kwao Usukumani na gitaa la umeme likipiga kwa kuitikia, na ukapendwa kuliko wimbo wowote aliowahi kuutunga kwa hiari. Uliwaambia watu watoke porini waje kukaa pamoja, penye shule, penye bomba la maji. Mwaka uliofuata watu walihamishwa kweli. Landrova yenye vipaza sauti ilitangulia kijiji hadi kijiji ikiupiga, na nyuma yake yalifuata malori.

Septemba 1974 Landrova hiyo ilifika nyumbani kwa dada yake Paskazia, maili saba kutoka Kisesa. Mama yao, Kabula ng'wana Shimba, alikuwa mgonjwa wa miguu. Walimtoa na kitanda chake wakakiweka juu ya lori. Mtama ulibaki ghalani. Kiwanja walichopewa kando ya barabara kilikuwa na kigingi chenye namba na hakikuwa na nyumba. Mvua zilianza mapema. Mama alikufa siku ya kumi na tisa, chini ya turubai.

Maige alifika kwa mazishi. Paskazia alimwambia mbele ya watu: "Mama aliijua sauti yako. Kila Landrova ilipopita aliniuliza, mbona Maige anazunguka tu, haingii ndani?"

Kundi la ngoma la baba yao lilikuwa na desturi yake. Mtunzi ambaye wimbo wake umemwumiza mtu bila haki alimkabidhi mtu huyo wimbo wenyewe, pamoja na njuga moja aliyoichezea. Tangu siku hiyo aliyeumizwa ndiye mwenye wimbo, na hakuna wa kundi aliyethubutu kuuimba bila ruhusa yake. Maige hakuwa na njuga. Aling'oa uzi wa tatu wa gitaa lake, akauviringisha, akampa dada yake. Paskazia aliupokea. Kwa miaka minne Maige hakuuimba wimbo ule; dansini ukiombwa, aliimba kijana mwingine wa bendi na yeye akatazama koki za kukazia nyuzi za gitaa lake.

Kufikia Jumatano jioni nyimbo kumi na moja zilikuwa tayari. Alhamisi alipanda basi la asubuhi hadi Kisesa, kisha akatembea.

Njiani alipanga hesabu yake. Dada angekataa, hilo hakulitilia shaka. Akikataa, Maige angerudi na neno lisilo lake: mwenye wimbo amezuia. Meneja angecheka, angemfukuza, lakini uamuzi wa kutoimba usingekuwa wa Maige. Alitembea haraka kuliko kawaida.

Alimkuta Paskazia anaanika mihogo juu ya jiwe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda. Huko Pasiansi samaki wamegoma?"

"Wapo."

"Basi wanakula wenzako." Alimsogezea kigoda. "Sema kilichokuleta. Wewe huji bila kitu mgongoni."

Alimweleza yote, nyumba na orodha na gari la Jumamosi. Paskazia aliendelea kugeuza vipande vya mihogo kimoja kimoja. Alipomaliza jiwe lote aliingia ndani, akatoka na kikopo cha chai kisicho na mfuniko. Uzi ulikuwa humo, umeshika kutu.

"Kauimbe," alisema.

Maige alimtazama. "Dada, sijaja kukulazimisha."

"Najua. Umekuja nikukatalie. Nikukatalie, ukawaambie wakubwa zako kuna mwanamke huko Kisesa amekuzuia. Mimi nimeutunza uzi huu miaka minne. Redio imeuimba kila wiki hata hivyo. Nilikuwa namzuia nani asiuimbe? Wewe tu." Akamtupia kikopo mapajani. "Kauimbe. Lakini mtaje mama. Jina lake, na mahali, na siku kumi na tisa. Ndani ya wimbo, si pembeni. Usipomtaja, usije tena hapa."

Ndivyo mlango wa mwisho ulivyofungwa. Kukataa kuimba sasa kulikuwa kukataa kwake mwenyewe, tena kungekuwa kumnyima dada alichokiomba. Kuimba kama orodha ilivyotaka kulikuwa kumpoteza. Kuimba kama Paskazia alivyotaka kulikuwa kucheza na nyumba. Alirudi Kisesa kwa miguu, na basi lilipochelewa hakuona tofauti.

Lakini alikuwa mtu wa kazi, na kazi aliijua. Siku zote tatu alikuwa amemwangalia fundi mitambo akisahihisha kanda. Fundi alitafuta mahali penye kimya, akaweka alama kwa penseli, akakata kwa wembe na kuunga kwa gundi. Alikata penye kimya tu. Penye sauti hakukatika bila kuacha jeraha.

Ijumaa saa nne asubuhi Rugemalira alionyesha reli moja ya kanda iliyobaki. "Mara moja tu, Mzee. Ukikosea hatuna nyingine."

Utangulizi wa "Njoni Barabarani" ni gitaa peke yake kwa mizunguko minne. Maige alianza kupiga, na kwenye mzunguko wa pili akazungumza huku gitaa likiendelea, bila haraka, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Wimbo huu ulimkuta mama yangu, Kabula ng'wana Shimba, maili saba kutoka Kisesa, Septemba mwaka sabini na nne. Alitolewa na kitanda chake. Aliishi kando ya barabara siku kumi na tisa." Neno la mwisho liligusa neno la kwanza la ubeti. Kisha akauimba wote, vizuri kadiri alivyoweza, pamoja na shule na bomba la maji.

Fundi alivua vipokea sauti vya masikioni.

"Hapa pa kukata sipaoni," alimwambia Rugemalira.

Rugemalira alikaa juu ya sanduku la spika. "Mzee, umenifungia ndani."

"Tuko wote humo, mwanangu."

"Wangu pia walihamishwa," Rugemalira alisema baadaye kidogo, kama anayetaja hali ya hewa. Aliandika juu ya boksi la kanda kwamba nyimbo kumi na mbili zimetimia, akatia sahihi. Jumamosi gari liliondoka.

Santuri ilifika Agosti 1979, baada ya vita, ikiwa nakala nne kwa kiwanda kizima. Jaladani kulikuwa na picha ya Maige mwenye nywele nyeusi. Nyumba hakunyang'anywa, na ndipo alipoanza kuhofu. Aliiweka santuri kwenye mashine ya ukumbini. Wimbo wa kwanza ulianza kwa mkwaruzo, kisha gitaa mizunguko minne, tupu, na kijana wa miaka arobaini na sita akaita watu barabarani kwa sauti isiyo na ufa. Dar es Salaam walikuwa wameiweka kando kanda yake na kunakili santuri ya zamani ya Nairobi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukuwa na wa kumshitaki. Aliyemfunika kinywa alikuwa yeye mwenyewe.

Angeweza kutokwenda Kisesa. Alikwenda Jumapili, na santuri ndani ya gazeti.

Jirani wa Paskazia, Mwalimu Odeta, alikuwa na gramafoni ya betri. Waliileta uani. Maige alimweleza dada yake kwanza, kabla ya sindano kushuka: nilimtaja, wamemtoa.

"Weka tusikie," alisema Paskazia.

Mkwaruzo. Gitaa. Mzunguko wa kwanza ulipita. Kwenye wa pili Maige alijikuta anazungumza huku gitaa likiendelea, maneno yaleyale, kwa urefu uleule, na neno la mwisho likagusa la kwanza la yule kijana. Mwalimu Odeta aliinamisha kichwa. Wimbo uliendelea.

Paskazia alisikiliza pande zote mbili bila kuinuka. Santuri ilipokwisha alimwambia Mwalimu airudishe mwanzo, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Betri zake zina nguvu bado," alisema. "Na mimi nitaupiga kila Jumapili. Basi itabidi uwe unakuja."

Sindano ilishuka. Maige alivuta pumzi, akasubiri mzunguko wa pili.