Hasi ya Wifi

Wifi ndiye aliyemkokota fundi cherehani wakapimwe wote wawili shingo ya uzazi. "Unapima nyonga za mtaa mzima," alimsuta, "wewe nani kakupima?"

Majibu yalipotoka, fundi alisoma karatasi yake mara moja tu: CHANYA. Akatabasamu. Redioni kila asubuhi si wanahimiza watu wawe na mawazo chanya? Basi yeye yalikuwa yamemfika hadi huko chini. Akaigeuza karatasi, mgongoni akaandika vipimo vya mteja.

Upande wa pili wa meza, wifi yake, mkata vitambaa, alikuwa akilowesha bitana kwa machozi. Karatasi yake ilisema HASI.

"Mimi ndiyo basi tena. Mkasi nakuachia, ingawa ukikata wewe utadhani panya kapita."

"Hufi na magauni sita mezani, nani atayakata? Inuka, nakusindikiza."

Kliniki, muuguzi aliisoma ile hasi, akamtazama wifi macho yaliyovimba. "Unalia nini? Hasi ni kwamba kirusi hakikuonekana. Uko salama."

Wifi akacheka huku kamasi zikimtoka.

"Na wewe, mama?"

"Mimi sina neno. Yangu chanya."

Muuguzi akanyoosha mkono. Fundi akaitoa karatasi mkobani.

"Nyonga mia na kumi?"

"Geuza."

Akageuza. Akavuta kiti. "Mama, kaa. Chanya maana yake kirusi kimeonekana. Si saratani, nisikilize vizuri. Ni kirusi kinachoweza kuileta kikiachwa miaka na miaka. Tunaangalia leo hii."

Fundi akakaa. Asingekuja leo, kesho angeibandika karatasi ile kwenye kitambaa cha mteja, mteja akaondoka nayo, na yeye angeendelea kuimba na redio.

Nyuma ya pazia alilala chali, futi ya kupimia nguo bado shingoni. Muuguzi akampaka siki, ili palipoharibika pageuke peupe.

"Siki? Kwani mimi saladi?" fundi akauliza.

"Saladi gani," wifi akamjibu, amemshika mkono kwa nguvu, "na nyanya zenyewe zimeshapondeka!"

"Kipo kidoa," muuguzi akasema. "Kidogo. Nakichoma kwa joto, hakifiki mbali."

Tumbo lilimkaza kama siku za hedhi. Fundi akafumba macho, akahesabu mishono. Hakufika mia.

"Tayari. Mwakani urudi tuangalie tena. Usikose."

Nje walitembea polepole, fundi ameegemea bega la wifi. Walifika kona ndipo akasema.

"Wifi, usingelia wewe..."

"Najua."

"Ningekaa nayo hivihivi, nachekelea."

Wifi akamfuta uso kwa ncha ya futi. "Basi mwakani nitalia tena, nikukumbushe. Ila safari hii ulie na wewe, mimi nimechoka kulia peke yangu kwa majibu mazuri."